Nilivyopakiwa Pamoja na Nyasi

Mke wangu ana namna yake ya kunyanyua robota la nyasi. Analiendea kwa ubavu, anapitisha vidole chini ya kamba zote mbili, analisimamisha kwenye goti, halafu anajisukuma kiunoni na robota linapaa hadi juu ya mkokoteni. Likitua anajipangusa makapi shingoni na kwenda kwa lingine. Najua kila hatua ya kazi hiyo kwa sababu nimeitazama sana. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika kamba ya maksai na kutazama.

Zamani nilikuwa mchimbaji huko Mwakitolyo. Duara letu, yaani shimo tulilokuwa tukichimba dhahabu, lilikuwa refu, na ukutani tulikuwa tumelishikiza kwa matimba ya miti ili lisitufukie. Kila tukiingia mama yangu alikuwa akisali nyumbani. Lakini sikuumizwa na duara. Nilikuwa nje, juani, nimebeba kiroba cha mawe kukipeleka kwenye karasha yakasagwe. Mguu ukateleza kidogo tu, nikasikia kitu chini ya mgongo kama mti mbichi unaopasuliwa. Sikuanguka hata. Nilikitua kiroba taratibu, nikakaa juu yake, na sikuweza kuinuka.

Daktari wa mjini Shinyanga aliangalia picha ya mgongo, akaniambia nisibebe tena kitu kizito. Nikamuuliza, mpaka lini? Akairudisha picha kwenye bahasha, akarudia kwamba nisibebe.

Tatizo la mgongo mbovu ni kwamba hauonekani. Aliyekatika mguu watu humwona tangu mbali, wakampisha. Mimi nilirudi kijijini, upande wa Samuye, nikiwa na mabega yale yale ya mgodini na mikono ile ile. Ukinikuta nimekaa, ulimwona mwanaume mzima aliyekaa.

Baba yangu alituachia ngitili, eneo la nyasi lililozungushiwa miiba. Wakati wa mvua hauingizi ng'ombe humo. Unaziacha nyasi zikue, ili kiangazi, nje kukiwa kumebaki vumbi, ng'ombe wawe na pa kulia. Ng'ombe wetu walikuwa wamepungua sana, na mke wangu ndiye aliyewaza kuziuza zile nyasi kwa wafugaji wa maziwa wa mjini na wa Mwadui. Kuna mtu mwenye trekta na mashine ya kufungia nyasi, huwapitia wenye ngitili mvua zikiisha. Nyasi zikishafyekwa na kukauka, mashine inazimeza mbele, inazishindilia, na nyuma inatema marobota madogo ya pembe nne, moja hapa, jingine kule, shamba zima. Mwenye trekta akishaondoka, kuyaokota ni shauri lako. Na huwezi kuyaacha yalale. Mchwa wa kwetu wakilikuta robota chini jioni, asubuhi unanyanyua upande wa juu tu, wa chini umebaki udongo.

Kwa hiyo siku ya mashine ilikuwa siku ya kukimbia. Mke wangu alikimbia. Mimi nilisimama mbele ya maksai.

Njia ya kwenda mnadani inapita kando ya ngitili yetu, na siku hizo nilitamani ipite kwingine kokote. Jirani yangu, mwenye shamba linalofuata, alikuwa hapiti bila kusimamisha baiskeli. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kuchekesha.

"Mwangaluka, shemeji," alimsalimia mke wangu siku moja, kisha akanitazama mimi. "Naona mwaka huu umeajiri na msimamizi."

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Mke wangu alikuwa na robota kwenye goti. Akalirusha kwanza, ndipo akajibu, "Pita, baba, jua linakuwakia."

Mimi nilicheka pia. Nilicheka kwa nguvu kuliko wao, halafu usiku wangu wote ukaharibika kwa kile kicheko. Tangu siku hiyo nikawa na ujanja wa kipumbavu. Nikisikia kengele ya baiskeli au watu wakizungumza njiani, nachuchumaa kando ya gurudumu la mkokoteni, nalitingisha, nalikagua, nauma midomo kama fundi. Mpita njia aone kuna jambo limeharibika na mimi ndiye ninayelitengeneza. Mke wangu aliujua ujanja huo. Hakuwahi kuutaja. Ila nakumbuka akiuliza kwa sauti ya chini, "Wameshapita?" na mimi nikiinuka bila kumtazama usoni.

Msimu uliofuata mashine ilichelewa kutufikia, na siku ilipokuja mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa magharibi, jambo ambalo si la wakati ule. Tulipakia mkokoteni mmoja, tukaupeleka nyumbani, tukarudi. Kisha mke wangu akaitwa: mtoto wetu mdogo alikuwa na homa shuleni. Akaniambia nimsubiri. "Usiguse kitu," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Nikabaki peke yangu na maksai, marobota na yale mawingu. Hakuna aliyekuwa akipita. Nadhani hilo ndilo lililonidanganya. Nilisema moyoni, hakuna anayeona. Nikishindwa nitakuwa nimeshindwa peke yangu. Nikaliendea robota kama yeye anavyoliendea, kwa ubavu, vidole chini ya kamba. Likapanda. Nikaliweka mkokotenini, nikasimama nikilitazama. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza vizuri. Nilitaka yule jirani apite wakati ule ule. Nikachukua jingine. La tatu lilikuwa limeshindiliwa sana, zito, nalo nilipolifikisha kwenye goti mgongo ukakatika.

Nilianguka kati ya marobota, uso juu. Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba hata kupumua nilipumua kwa vipande. Maksai waligeuza vichwa kunitazama, wakaendelea kula nyasi zilizomwagika.

Aliyetangulia kunikuta alikuwa jirani na baiskeli yake. Alisimama, akanitazama, nikangoja aseme neno. Aliilaza baiskeli, akavua shati, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa changu. Hilo liliniuma kuliko lile neno lake la msimamizi. Mtu aliyekuwa akichekesha watu kwa kunitania ameniona, na ameona kwamba si jambo la kucheka.

Mke wangu aliporudi alikuwa amemwacha mtoto kwa shangazi yake. Alisimama juu yangu mikono kiunoni. Aliyahesabu kwa macho marobota niliyopakia, akaelewa.

"Nilikwambia usiguse."

"Ulisema."

Akapiga magoti, akaniuliza kama vidole vya miguu vinacheza. Vilicheza. Akapumua. Halafu yeye na jirani wakatandaza marobota juu ya mkokoteni, wakaninyanyua kwa kanga, mmoja huku mwingine kule, wakanilaza juu yake. Nilidhani tutaondoka. Lakini mke wangu alitazama mawingu, akatazama shamba.

"Mkokoteni unaenda nyumbani hata hivyo," alisema.

Basi wakaendelea kupakia. Waliyapanga marobota kulia kwangu na kushoto kwangu, mengine miguuni, mpaka nikawa kwenye kishimo cha nyasi, nikiona mbingu tu. Mke wangu alisema pia kwamba yatanizuia nisitingishike, na ni kweli yalinizuia. Jirani akashika maksai, mke wangu akatembea kando, tukaingia njiani.

Hapo inanibidi nieleze kuhusu ukwe kwa asiyetujua. Katika ukoo wetu mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mkikutana njiani unatoka njiani, unaingia hata kwenye miiba, unageuka, naye anajifunika kanga, mpaka mmoja apite. Hamli pamoja, hampeani mkono. Mkitaka kuambiana neno mnampitishia mtu mwingine, hata kama nyote mmo humo humo. Vijana wa mjini wanaona ni ushamba. Kwetu ndiyo heshima yenyewe, na mimi tangu nioe sikuwahi kuivunja hata mara moja. Katika mambo yote niliyoshindwa, hilo nilikuwa nimelishika.

Nilisikia mke wangu akisema, "Huyo si mayu?"

Mama yake alikuwa ameshuka kwenye basi barabara kuu, anakuja kututembelea bila kutuarifu, kikapu kichwani. Njia ni moja, nyembamba, imechimbwa na magurudumu. Yeye alipoona mkokoteni na bintiye alisimama, na nadhani alikuwa bado hajajua mimi niko wapi. Kisha mke wangu akasema kwa sauti, kama kuonya, "Mayu, baba watoto yupo juu."

Mimi ndiye niliyepaswa kutoka njiani. Nilijaribu. Nilishika kamba ya robota nikajivuta, mgongo ukaniuma nikapiga kelele kama mtoto. Nikasikia vishindo vyake akiingia pembeni, na majani makavu yakivunjika. Alikuwa amenipisha yeye. Mwanamke wa umri ule, mwenye safari yake, amesimama miibani ameupa mkokoteni kisogo, kwa sababu mkwe wake ameshindwa kushuka.

Tungepita, yakaisha. Lakini pale pale gurudumu moja liliingia kwenye shimo, mkokoteni ukainama upande aliosimama mama mkwe. Marobota ya upande huo yakaanza kuteleza na mimi nikaanza kuteleza nayo. Jirani alikuwa mbele akihangaika na maksai. Mke wangu alikuwa upande wa pili, amenishika mguu.

"Shika, mayu!" alipiga kelele. "Shika!"

Kikapu kilianguka. Robota moja lilidondoka, na mahali lilipokuwa pakaja bega, kisha mkono, kisha uso. Mama mkwe wangu alikuwa ameegemeza bega kwenye nyasi, kiganja chake amekibandika kifuani kwangu ananisukuma nirudi ndani. Nilisikia pumzi yake. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Shati langu lilikuwa limepanda tumbo wazi, na suruali, kwa kule kunyanyuliwa kwa kanga, ilikuwa imeshuka kuliko inavyotakiwa.

Sikuwa na pa kwenda. Nilifumba macho. Ndiyo heshima pekee niliyoweza kumpa, nikayafumba kwa nguvu kama mtoto anayedhani hivyo hatamwona mtu.

Jirani akawapiga maksai, gurudumu likatoka, mkokoteni ukakaa sawa. Nilipofumbua macho palikuwa na mbingu tu. Mvua haikunyesha hata tone siku ile.

Usiku ule nyumbani nililala chumba cha kwanza, mke wangu na mama yake wakakaa chumba cha pili, na ukuta wetu wa matofali ya udongo haufiki paa. Walizungumza Kisukuma, sauti za chini, lakini nilisikia kila neno.

"Unabeba hivi siku zote?" mama yake aliuliza.

"Siku za nyasi tu."

"Na yeye?"

"Yeye ni mgongo, mayu."

"Uliniambia mgongo unamsumbua. Hukuniambia kwamba wewe ndiye umekuwa mabega ya nyumba hii."

Nilimsikia mke wangu akiinuka. Nilisikia maji yakimiminwa. Kumbe miaka yote ile, akienda kwao, alikuwa akinificha. Alikuwa akimwacha mama yake aamini mimi ndiye ninayepakia.

"Njoo nyumbani upumzike," mama yake alisema. "Hata mwezi. Watoto watakuja na wewe."

Nilingoja. Nilitamani akubali, na nilitamani nife kabla hajakubali.

"Nikienda," mke wangu alisema, "nani atamgeuza?"

Alikuwa akizungumzia kitandani, kwamba siwezi kujigeuza ubavu. Hakusema ananipenda, wala kwamba watu wataongea. Alitaja ile kazi ndogo iliyokuwa ikimngoja usiku ule. Mimi nikauma shuka.

Nilipopata nafuu ya kutembea nilikwenda kwa baba yangu mdogo kumweleza kilichotokea njiani. Alisikiliza, akashika kidevu, akasema nipeleke mbuzi kuosha lile jambo. Nikamchagua mbuzi jike mzuri, nikamtuma baba mdogo ampeleke. Alirudi jioni na mbuzi yule yule kwenye kamba.

"Amekataa?"

"Amekataa. Amesema nikwambie hivi: mbuzi wa nini? Yeye siku ile hakuona mtu. Aliona nyasi."

Baba mdogo alifurahi sana kwa jibu hilo. Alisema nimepata mkwe mwenye moyo. Ni kweli. Amenisitiri mimi kama mtu asiyekuwepo. Lakini nilimfunga yule mbuzi nikiwa nimeinamisha kichwa. Mara nyingi tangu siku ile nimejiuliza kama hakuwa amesema kweli tupu, kwamba alichokiona kilikuwa mzigo kati ya mizigo, na bintiye ndiye aliyekuwa akiusukuma.

Nilianza kufikiria kuhusu kazi yenyewe. Kilichomuumiza mke wangu kilikuwa kurusha: kurusha robota juu ya mkokoteni, halafu kulirusha tena juu ya uchaga tuliojenga kuyakinga marobota na mchwa. Mgodini hatukurusha. Tulikuwa na roda, lile gurudumu lenye mfereji ambalo kamba hupita, na mawe yalipanda yenyewe kutoka chini.

Nikapanda basi kwenda Mwakitolyo. Sikuwa nimekanyaga huko tangu niumie. Wenzangu wengi walikuwa wamehamia Geita, lakini mmoja alikuwepo, tuliyekuwa tukishuka naye duara moja. Aliponiona alifungua mikono, akaniita kama wanaume wa Kisukuma tunavyoitana, "Ngosha!" Akataka kunikumbatia na kuninyanyua kama tulivyozoea. Nikarudi nyuma nikiwa nimekinga mikono mbele. Akasimama katikati ya mwendo, na nikaona usoni kwake ameshaelewa.

"Bado tu?" aliuliza.

"Bado."

Nilimweleza ninachotaka. Hakuuliza mengi. Alinipeleka kwenye duara lililojaa maji, lisilochimbwa tena, akapanda mwenyewe kwenye nguzo zake, akafungua roda ile ya juu, akaifuta kutu kwa mkono. Kisha akaibeba. Ni kitu kizito, cha chuma, na kutoka pale hadi kituo cha basi kuna mwendo, kupitia katikati ya vibanda ambako watu walikuwa wakinijua. Yeye alitembea mbele na chuma changu begani, mimi nikamfuata nimeshika mfuko wa nailoni wenye mkate.

Nyumbani mimi na mke wangu tulifunga roda kwenye nguzo ndefu juu ya uchaga, tukaegemeza mbao mbili kutoka chini hadi juu kama mteremko, na fundi wa kuchomelea akanitengenezea kulabu ya nondo. Kamba ilitoka kwenye kulabu, ikapita kwenye roda, ikarudi chini hadi kwenye nira ya maksai. Nikiwatembeza maksai kwenda mbele, robota linapanda mbao. Siku ya kwanza kulabu ilikata kamba za robota likiwa katikati, likapasuka, nyasi zote zikamwagikia mke wangu. Alisimama pale na nyasi kichwani, puani, kwenye matiti. Nilidhani atalia. Alipiga chafya, akasema, "Usikamate kamba. Lifunge lote kitanzi." Tukalifunga kitanzi, likapanda.

Shambani nako tuliacha mkokoteni. Nilikata mti wenye panda, nikaupigilia mbao, ukawa kitu cha kuburuza kinacholala ardhini. Robota halirushwi, linabingirishwa tu, linaingia. Mke wangu bado ndiye anayelibingirisha. Jirani alikuja kuangalia, akazunguka kitu kile mara kadhaa.

"Sasa maksai ndio wanaume wa nyumba hii," alisema, kisha akajutia, nikaona. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa natania."

"Najua," nilisema. Mwaka ule alikuja kukiazima.

Watu hudhani hapo ndipo aibu iliisha. Haikuisha. Kazi ilipungua uzito, hilo ni kweli, na mke wangu siku hizi halali akijikanda mabega. Lakini mimi naamka nayo.

Msimu uliopita lori lilikuja kutoka Mwadui kuchukua marobota. Mke wangu alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Dereva alikuwa peke yake, kijana wa watu, akafungua mlango wa nyuma, akapanda juu, akanyoosha mikono.

"Haya mzee, nirushie."

Nilitazama gurudumu la lori. Nilijua vizuri ningeweza kufanya nini: kuchuchumaa, kulitingisha, kuuliza upepo uko sawa. Masikio yalikuwa yakinichoma.

"Siwezi," nilisema. "Mgongo wangu ni mbovu. Sibebi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu nisiyemjua. Alinitazama toka juu, mabega yangu kwanza, kisha mikono, kama wote wanavyotazama.

"Nani anabeba, sasa?"

"Mke wangu. Atakuja."

Dereva akashusha mikono. Akakaa ukingoni mwa lori, akaning'iniza miguu, akatoa simu yake. "Basi tumsubiri," alisema.

Tukamsubiri. Nilisimama kando ya uchaga, jua likiwa limeanza kuwa kali, na kila baada ya muda alikuwa akiinua macho kutoka kwenye simu, ananitazama, anayarudisha. Mwishowe mke wangu akatokea njiani na gauni lake la kanisani. Alipoona lori alianza kukimbia, huku akifungua kitambaa kichwani ajifunge kiunoni.